Mikembo na Miombo Yetu: Pori Linalotunza Historia ya Katanga

Ndugu msomaji, mu Lubumbashi kila nyumba inajua mufuko ya makala. Mama anawasha mbabula asubuhi, chai inachemka, na jioni bukari inapikwa kwa moto uleule. Lakini uliza mtoto wa mujini: makala hii imetoka ku muti gani? Atakujibu, "Ni makala tu." Babu yake angeshika kipande mkononi, angepima uzito wake, halafu angetaja jina la muti. Kati ya jibu la mtoto na jibu la babu kuna kitu kimepotea, na hakikupotea kwa siku moja.

Katika maandishi haya tutasema juu ya pori moja dogo linalolindwa karibu na muji wetu, pori la Mikembo. Tutaangalia miti yake, vichuguu, uyoga, wanyama na ndege. Lakini hatutaki kuandika orodha tu ya viumbe, kazi hiyo wataalamu wanaifanya vizuri kuliko sisi. Tunataka kuonyesha jambo moja: pori hili ni kitabu cha historia ya Katanga, na kitabu kinaweza kubaki salama ndani ya kabati huku watu wanaojua kukisoma wanakwisha.

Mahali penyewe

Mikembo iko kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, mwendo wa kilometa 30 hivi. Eneo lake ni karibu hekta 800, ni kusema kilometa 8 za mraba. Ni kidogo sana. Ukilinganisha na mbuga kubwa za Leta katika Katanga ya zamani, yaani Upemba iliyoundwa mwaka 1939 na Kundelungu iliyoundwa mwaka 1970, Mikembo ni kama shamba la mtu. Na kweli si mbuga ya Leta, ni hifadhi ya binafsi.

Udogo wake usitudanganye. Pori linalobaki limesimama karibu na muji mkubwa lina thamani ambayo pori la mbali halina. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Unilu yetu, wanaweza kufika asubuhi na kurudi jioni. Ndani ya Mikembo, watafiti wa Unilu pamoja na wenzao wa Ubelgiji walipima uwanja wa hekta 10 na kuhesabu miti yake mmoja mmoja: jina lake, unene wake, mahali unaposimama. Wakirudi baada ya miaka wanajua ni upi umekufa, ni upi umenenepa, ni upi mchanga umeingia. Wazee wetu walikuwa na hesabu ya namna ile ndani ya vichwa vyao. Sasa imeandikwa ku karatasi, na hiyo ni faida.

Miombo ni nini

Pori la Mikembo ni la aina tunayoita miombo. Wazungu wa Ubelgiji waliliita *forêt claire*, pori lenye mwangaza, kwa sababu miti inasimama mbali kidogo mmoja na mwingine, jua linafika chini na majani ya nyasi yanaota. Si kama msitu mzito wa Équateur au wa Ituri. Miombo inatoka Angola, inapita kwetu Katanga na Zambia, inafika Malawi, Zimbabwe, Msumbiji na Tanzania. Mutu wa Likasi akipelekwa Tabora anaweza kuangalia miti na kusema, "Mbona niko kwetu!"

Jambo hilo lina maana katika historia. Baba ya M'siri, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, inchi ya Tabora, akifuata shaba. Wayeke walipokuja kukaa Katanga katika karne ya 19 hawakuingia mu inchi ya ajabu. Waliacha miombo, wakakuta miombo. Walijua tayari namna ya kutafuta asali, namna ya kukata ganda la muti, na msimu wa kuchoma nyasi. Mara nyingi tunasimulia safari zile kama habari ya pembe na bunduki, lakini pori nalo lilisaidia kufungua njia.

Mwaka wa miombo una sehemu mbili. Mvua inaanza karibu na Novemba na kukoma kati ya Machi na Aprili. Halafu ni kiangazi, miezi sita hivi bila mvua ya maana. Ajabu ni mwezi wa Septemba na Oktoba: mvua haijanyesha bado, udongo ni mukavu kabisa, lakini miti inatoa majani mapya. Majani yale hayaanzi na rangi ya kijani, yanaanza mekundu kama shaba iliyotoka motoni. Ukipita barabara ya Kasenga au ya Likasi kipindi hicho, unaona pori lote linawaka bila moto. Mizizi inakwenda mbali chini kutafuta maji, na muti unatumia akiba yake kabla ya mvua.

Miti na majina yake

Miti mikubwa ya miombo ni ya jamaa moja, jamaa ya kunde, ingawa kwa macho haifanani na kunde. Wataalamu wanaiita *Brachystegia*, *Julbernardia* na *Isoberlinia*. Sisi tuna majina yetu, mengi kati yake tunashirikiana na Walamba, Wabemba na majirani wa upande wa Zambia: mutondo, muputu, mutobo. Ganda la baadhi ya miti hiyo linatolewa zima, kama shati linalovuliwa, na wawindaji wa asali wanatengeneza muzinga wa nyuki.

Ganda lile lina habari yake. Mwaka 1873 Livingstone alipokufa ku kijiji cha Chitambo, upande wa Zambia ya leo, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walikausha maiti, wakaifunga ndani ya ganda la muti, wakaibeba mpaka pwani ya bahari ya Hindi. Moyo wake waliuzika chini ya muti wa mupundu, muti uleule ambao watoto wetu wanaokota matunda yake wakati wa kiangazi. Vitabu vinasema sana juu ya uaminifu wa wale watu, na ni haki. Lakini tukumbuke pia ufundi: mutu asiyejua pori hawezi kupata ganda la kufungia maiti kwa safari ya miezi.

Matunda ni sehemu ya pori ambayo watu wa mujini bado wanaifahamu. Masuku, yenye ngozi ya rangi ya udongo na nyama tamu ndani, yanauzwa barabarani. Kuna mapundu, kuna mfungo, kuna kasongole lenye ganda gumu kama mpira wa mbao. Hakuna mutu aliyepanda miti hii. Lakini angalia mashamba ya zamani: mkulima alikata miti mingine yote, akaacha musuku na mupundu zimesimame. Kwa kuacha tu, miaka mia baada ya miaka mia, wazee wetu waligeuza pori kuwa bustani. Anayesema miombo ni pori tupu ambalo mkono wa mutu haukuligusa hajaliangalia vizuri.

Halafu kuna mukula. Ukimkata, anatoa utomvu mwekundu kama damu. Kwa Walunda wa Ndembu, upande wa kaskazini-magharibi ya Zambia, wekundu ule ni alama ya damu ya kuzaa, ya kuwinda na ya kutahiri, na muti huo una nafasi kubwa katika sherehe zao. Katika miaka ya 2010 mukula akapata jina lingine: biashara. Mbao zake zilitakiwa China kwa viti na meza za gharama, makamyo yakajaa njia za Katanga na Zambia, na kwa miaka michache tu mapori makubwa yalipoteza mukula wao. Mwaka 2019 mataifa yaliingiza muti huo katika orodha ya viumbe ambavyo biashara yake ya inje inapaswa kuangaliwa. Sheria ilifika, lakini ilikuta visiki. Muti uliokuwa alama ya uhai kwa karne nyingi ulihesabiwa kwa makamyo.

Vichuguu: wazee kuliko vijiji vyetu

Mgeni anayeingia Mikembo, kitu cha kwanza kinachomshangaza si muti, ni kichuguu. Vichuguu vya Katanga ya Juu ni vilima. Kimoja kinaweza kuwa na urefu wa meta 5 na upana wa meta 14 au 15 chini, na vingine vinapita hapo. Katika inchi ya Lubumbashi watafiti walihesabu karibu vitatu kwa kila hekta moja. Fundi wake ni mchwa mmoja tu, *Macrotermes falciger*.

Mwaka 2015 kulitoka uchunguzi juu ya umri wa vichuguu vya karibu na Lubumbashi. Walichimba mpaka chini na kupima kaboni. Kichuguu kimoja, ambacho mchwa wamekwisha kukiacha, kilionyesha kwamba udongo wake wa chini una miaka zaidi ya 2000. Fikiri, ndugu msomaji: mchwa walikuwa wanajenga pale kabla Yesu hajazaliwa. Kabla ya ufalme wa Waluba, kabla ya Kazembe, kabla ya M'siri, kabla ya Élisabethville. Tunasema muji wetu ni wa zamani kwa sababu ulianza mwaka 1910, lakini kichuguu kilichovunjwa ili kujenga nyumba ya jirani pengine kilikuwa na miaka mara kumi na zaidi ya muji wenyewe.

Udongo wa kichuguu si kama udongo wa pembeni yake. Mchwa wanapandisha udongo wa mfinyanzi toka chini, wenye chokaa na chumvi za kulisha mimea. Ndiyo maana miti ya juu ya kichuguu ni tofauti na miti ya miombo inayokizunguka. Ndiyo maana pia mkulima anapenda kupanda mahindi na maboga juu yake au kutawanya udongo wake mu shamba. Wamama wenye mimba wanatafuna udongo wa namna hiyo. Wafua shaba wa zamani waliutumia kwa tanuru zao. Na matofali ya Lubumbashi? Kata kwa kata, nyumba za watu wadogo zimejengwa kwa udongo wa vichuguu. Tunaweza kusema bila kukosea kwamba mchwa ni fundi wa kwanza wa muji huu.

Tena kichuguu kinalisha. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi wanatoka kwa maelfu, watoto wanakimbia na ndoo za maji na taa. Ndani ya kichuguu mchwa wanalima uyoga wao wenyewe, na msimu ukifika uyoga huo unatoka inje. Mmoja wao ni mkubwa kuliko uyoga wote wa kuliwa duniani, kofia yake inaweza kukaribia meta moja ya upana. Wataalamu waliupa jina la kisayansi mwaka 1980, *Termitomyces titanicus*. Mama zetu walikuwa wanaupika miaka mingi kabla ya hapo, mmoja ukitosha jamaa nzima.

Maua ya shaba

Tunajua Katanga ni inchi ya shaba. Wachache wanajua kwamba pori lenyewe linasema shaba iko wapi. Pale ambapo shaba ni nyingi mu udongo, miti ya miombo haiwezi kuota. Kilima kinabaki na nyasi na maua tu, wakati pori limekizunguka pande zote. Wachimbaji wa zamani waliona vilima vile na kuelewa. Kuna hata mimea midogo, kama *Haumaniastrum katangense* yenye maua ya zambarau, ambayo inavumilia shaba ambayo ingeua mimea mingine.

Hapa ndipo mimea inapoingia moja kwa moja mu kazi ya historia. Watu waliosoma mambo haya waliandika mwaka 1982 kwamba ua hilo linaota pia mahali ambapo wazee walifua shaba. Takataka za tanuru zilibaki mu udongo, miti ikashindwa kurudi, ua likashika nafasi. Ukifuata ua, unakuta mabaki ya tanuru. Ni ushahidi ambao hakuna mutu aliuandika, mumea uliandika wenyewe.

Na ushahidi huo unakwenda mbali. Naviundu, ambayo leo ni sehemu ya Lubumbashi na watu wanapita kila siku wakienda soko, ni moja ya mahali pa zamani kabisa panapojulikana kwa kufua shaba katika eneo letu. Wachimbuaji wa mambo ya kale wanapaweka ku karne ya 4 hivi. Toka hapo mpaka misalaba ya shaba iliyotumika kama feza, misalaba ileile iliyowekwa ku bendera ya Katanga mwaka 1960, ni njia moja ndefu. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alipoandika juu ya "wala shaba" mwaka 1926, aliwakuta bado wazee wa Wayeke waliokumbuka kazi ile.

Lakini tuwe wakweli. Tanuru ya shaba inakula makala. Wazee wetu hawakuwa malaika wa pori, walikata miti, na walikata mingi. Tofauti ni kwamba walifua kwa msimu, watu walikuwa wachache, na kisiki kiliachwa kipumzike. Miombo ina nguvu moja kubwa: ukikata muti, kisiki chake na mizizi vinatoa machipukizi. Ukikiacha miaka 20 au 30 bila kulima na bila moto mkali, pori linarudi. Kitu wazee walichokuwa nacho kwa wingi, na sisi hatuna, ni wakati.

Chakula ambacho hakilimwi

Mtu akiuliza faida ya pori lililosimama, mpeleke kando ya barabara mwezi wa Desemba na Januari. Utakuta wamama wamepanga sahani za uyoga, bowa kama tunavyosema hapa kwetu: wa manjano, wa rangi ya machungwa, weupe. Kuna kitondo, kuna kabansa. Uyoga huu wengi unaishi kwa mapatano na mizizi ya muputu, mutondo na ndugu zao. Uyoga unaletea muti maji na chumvi za udongo, muti unaupa uyoga sukari. Ndiyo sababu huwezi kuulima mu shamba lako. Ukikata mutondo, umekata pia kitondo. Gunia la makala linauzwa mara moja, lakini uyoga ungeuzwa kila mwaka, na mara nyingi feza ya uyoga ni ya mama mwenyewe, anayelipia watoto masomo.

Vinkubala ni vilevile. Viwavi hivyo vinakula majani ya miti ileile ya miombo, vinaokotwa, vinakaushwa, vinauzwa mpaka mbali. Profesa François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi na kusoma pori la Luiswishi miaka mingi, aliandika mwaka 1997 kitabu kizima juu ya kula mu pori hili, na kurasa juu ya viwavi na uyoga ni nyingi. Mzungu aliyekuja kufundisha alikaa chini ya wamama wetu kujifunza. Sisi wenyewe tunakaa chini ya nani?

Kuna munkoyo, kinywaji cha mahindi ambacho mizizi ya mumea wa pori inakifanya kiwe chembamba na kitamu. Kuna kikanda, mikate ya viazi vidogo vya okidi na karanga, ambayo watu wanaila kama nyama. Kwa kikanda tayari kuna hatari: kila okidi inayochimbwa imekufa, haina kisiki cha kuchipua. Zamani watu walichimba kwa nyumba yao, sasa wanachimba kwa soko la muji mzima na la Zambia pia. Mila nzuri ya watu elfu inaweza kuwa uharibifu ikiwa ya watu milioni mbili.

Wanyama na ndege

Miombo haina makundi makubwa ya nyama kama Serengeti. Udongo wake ni maskini, nyasi zake ni ngumu, wanyama wanakaa wachache na wametawanyika. Nyama zake za heshima ni palahala mwenye pembe zilizopinda nyuma, korongo, kongoni na pofu. Karibu na Lubumbashi wakubwa hao wamekwisha inje ya mahali panapolindwa. Mitego ya waya na bunduki vilifanya kazi haraka kuliko kuzaa kwao.

Wanabaki wadogo na wa usiku: nsya wadogo, nungu, muhanga anayechimba vichuguu kutafuta mchwa. Mashimo ya muhanga yanakuwa nyumba ya ngiri na popo, kwa hiyo yeye naye ni fundi wa nyumba. Kuna kakakuona, aliyejaa magamba, ambaye usalama wake mbele ya simba ni kujikunja, na mbele ya mutu kujikunja huko ndiko kunamwangamiza, kwa sababu anaokotwa kama jiwe. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kakakuona wote.

Kwa ndege tutaje wawili tu. Wa kwanza ni ndege wa asali, mdogo, wa rangi ya vumbi. Anamwita mutu kwa sauti, anaruka mbele, anangoja, anaita tena, mpaka ku muti wenye nyuki. Mutu anafungua muzinga kwa moto na shoka, ndege anapata nta. Ni mapatano kati ya mutu na mnyama wa pori ambaye hakuna aliyemfuga, na mapatano yanahitaji pande mbili. Vijana wakiacha kumfuata kwa sababu wananunua sukari, ndege atabaki anaita bure.

Wa pili ni nduba, mwenye mabawa mekundu. Manyoya yake wakubwa walivaa kichwani. Wataalamu wa kemia waligundua tangu karne ya 19 kwamba wekundu ule una shaba ndani yake, shaba kweli. Mu inchi ya shaba, mkubwa alivaa misalaba ya shaba mikononi mwa hazina yake na shaba ya ndege kichwani, bila kujua kwamba ni kitu kimoja. Ama pengine alijua kwa namna yake.

Moto

Neno la mwisho juu ya pori lenyewe ni moto. Watu wengi wanafikiri kulinda pori ni kuzima kila moto. Si rahisi hivyo. Karibu na Ndola, upande wa pili wa mpaka, majaribio yalianza katika miaka ya 1930: kipande kimoja cha miombo kilichomwa mwanzo wa kiangazi, kingine mwisho wa kiangazi, kingine hakikuchomwa kabisa. Baada ya miaka mingi matokeo yalionekana wazi. Moto wa mwisho wa kiangazi, wakati kila kitu ni kikavu, uliua miti na kuleta nyasi tupu. Moto wa mapema uliacha miombo iendelee. Pasipo moto, pori lilianza kujifunga na kugeuka kuelekea msitu mzito wa kijani, ule tunaouita muhulu.

Wazee waliochoma mapema kuzunguka vijiji, mwezi wa tano au wa sita, walijua jambo hilo bila kipimo. Siku hizi moto unatoka popote: mwindaji wa panya, tanuru ya makala iliyoachwa, sigara. Unatoka Septemba, mwezi mbaya kabisa, wakati majani mekundu machanga yamefunguka.

Tufanye nini?

Hatuwezi kumlaumu mwenye baiskeli anayesukuma mifuko ya makala kilometa nyingi ili watoto wale. Umeme hautoshi, gazi ni ghali, na sisi tunaosoma kijitabu hiki ndio tunaonunua makala yake. Sheria zipo: kanuni ya misitu ya mwaka 2002, sheria ya kulinda viumbe ya mwaka 2014. Lakini sheria haijui jina la mutondo.

Mikembo inalinda miti, na tunashukuru. Lakini hekta 800 haziwezi kulinda kujua kwa mama anayetenganisha bowa la kula na bowa la sumu, wala sikio la mzee anayejibu ndege wa asali, wala uamuzi wa kuchoma mwezi wa tano na si wa kenda. Mambo hayo yanakaa ndani ya watu. Na watu hao wanazeeka mu Kenya, mu Katuba, mu Ruashi, mbali na pori, wakipikia makala ya miti ambayo wajukuu hawataiona.

Kwa hiyo shirika letu lingeweza kuanza na kazi ndogo isiyotaka feza nyingi. Kila msomaji achukue daftari, aende kwa mzee mmoja wa jamaa yake, aandike majina ya miti anayoikumbuka, kwa luga yake mwenyewe, na kazi ya kila muti. Halafu tuchukue madaftari hayo, pamoja na wazee wenyewe kama miguu inawaruhusu, tuombe ruhusa ya kuingia Mikembo, tusimame mbele ya miti ileile iliyohesabiwa. Mtafiti ana jina la Kilatini, mzee ana jina la nyumbani na habari yake. Yakiwekwa pamoja, kitabu kitakuwa na msomaji.

Kidole kimoja hakiui chawa. Na mtoto akiulizwa siku moja makala hii imetoka ku muti gani, angalau awe na mahali pa kwenda kuuona muti ule ungali hai, na mutu wa kumwambia jina lake.